Mkia wa Tatu Ukutani

Jumamosi, 1 Novemba

Baridi. Goti la kushoto linauma, la kulia linalionea wivu. Kulungu wameanza wazimu wao wa kila mwaka. Madume wanakimbiza majike mpaka barabarani, hawali, hawalali, hawaangalii magari. Hii ndiyo wiki yenyewe. Mwanamume wa Wisconsin asiyekuwa juu ya mti wiki hii ama amekufa ama ameoa mtu wa mjini.

Leo tumefungua kibanda cha familia. Ukisukuma mlango tu, unatazamana na ukuta wa aibu. Ni ukuta wa mikia ya mashati. Sheria ni ya marehemu baba mkwe wangu, Reinhold Plath: ukimpiga kulungu mshale ukamkosa, unakatwa mkia wa shati, yaani pindo lake la nyuma, hapohapo ulipo, kipande kinapigiliwa msumari ukutani, jina na mwaka chini yake. Ukifikisha mikia mitatu, basi. Unashuka mtini. Dungu lako, kile kijukwaa cha kuvizia mtini, anapewa mwingine, nawe unahamia jikoni kuwapikia wenzako viazi.

Mimi, Milo Tesch, umri miaka sabini na mitatu, nina mikia miwili. Mmoja wa drafti nyekundu, mmoja wa bluu. Ule wa bluu ulikuwa uonevu mtupu. Nilipiga chafya.

Na dungu langu si dungu la hivihivi. Limefungwa kwenye mwaloni mkubwa kule kileleni. Njia tatu za kulungu zinakutana chini yake, na ukiinua macho unauona mto Mississippi wote umelala kama nyoka aliyeshiba. Reinhold alinipa kwa mkono wake mwenyewe, mwaka ule kiwanda cha jibini kilipofungwa nikabaki sina pa kwenda. Alisema mtu asiye na kazi lazima awe na mahali pa kwenda alfajiri. Akamruka mwanawe wa kumzaa, akanipa mimi. Miaka ishirini na minane sasa. Huko juu ndiko mahali pekee duniani ambapo hakuna anayeniuliza nafanya nini.

Huyo mwana aliyerukwa ni Duwayne, kaka yake mke wangu. Shemeji yangu. Anaomba niteleze tangu siku ile.

Leo nimemkuta chini ya mwaloni wangu ameshika utepe wa kupimia. Nikamuuliza, shemeji, unapima nini? Akanijibu bila haya eti anataka kujua kama mto wake wa kukalia utatosha. Mgonjwa hajafa, fundi wa jeneza keshafika!

Acha apime. Dawa ninayo. Imekuja kwa posta: vigumba vya mshale vya kufunguka. Kigumba cha kawaida ni chuma kilichotulia, makali yako nje muda wote. Hivi vyangu vinaruka vimejikunja kama mwavuli, vikimgusa mnyama tu, fyatu! Makali yanafunguka, upana inchi mbili kamili. Kigumba cha Duwayne kina inchi moja. Kwa hesabu yangu, mimi naruhusiwa kukosa zaidi kuliko yeye na bado nikahesabiwa nimepata. Sijui kwa nini mwalimu wangu wa hesabu alinirudisha darasa mara mbili.

Pakiti ina vigumba vinne. Vitatu vyeusi. Cha nne kina pete nyeupe na kiskrubu kidogo ubavuni. Nadhani hicho ni cha zawadi. Kulikuwa na karatasi ya maelezo, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nimewashia jiko.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani. Mchungaji amehubiri juu ya subira. Sikumsikia vizuri, nilikuwa na kigumba mfukoni nakifungua na kukifunga. Tik. Tik. Mke wangu Arlys akanipiga kiwiko cha ubavu mbele ya Bwana.

Baada ya ibada, kwenye kahawa, wazee wakataka kuona. Kila mmoja akataka kukifungua mwenyewe. Vile vyeusi vitatu vimepita mikononi mwa Walutheri kumi na mmoja na mtoto mmoja anayehudumu madhabahuni. Kile chenye pete nyeupe kimekataa kata kata kufunguka. Kigumu kama moyo wa mama mkwe. Nikakirudisha mfukoni kwa heshima.

Njiani kurudi ndipo nikaelewa. Kila kigumba kina kipete cha plastiki kinachoshika makali, na kazi ya kipete ni kukatika mara moja tu, siku ya siku. Vipete vyote vitatu vimekatika kwenye kahawa. Sasa makali yananing'inia kama masikio ya mbwa mzee. Vikajifungua vyenyewe ndani ya podo, kiti cha nyuma, vikalichana koti la Arlys la manyoya ya bata kuanzia kwapani hadi mfukoni. Nilikuwa nimeteremsha kioo kidogo. Tukaendesha maili sita ndani ya theluji yetu wenyewe.

Arlys akatema unyoya, akatazama mbele.

Jumatatu, 3 Novemba

Akili ni nywele. Ninazo chache lakini ni za nguvu. Nimechukua uzi wa Arlys wa kusafishia meno nikavifunga vile vyeusi vitatu, mizunguko miwili na fundo. Unashika! Una harufu ya mnanaa, lakini hakuna dawa isiyo na uchungu.

Duwayne akapita kwa kahawa. Akanusa podo langu. Akaniuliza nawawinda kulungu au nawapeleka kwa daktari wa meno.

Kisha akatoa vigumba vyake mwenyewe, vitatu, vya chuma, urithi wa baba yake. Anavinoa kwa tupa kila mwaka, vimekwisha mpaka vinafanana na meno ya paka. Akanyoa nywele za mkono wake kwa kimojawapo, mezani kwangu, juu ya keki ya mke wangu. Majivuno gani haya! Nikamwambia, shemeji, chuma hicho ni cha makumbusho. Akasema, "Hata wewe wa makumbusho, shemeji. Ila hicho bado kinakata."

Arlys alicheka. Nimeandika hapa ili isisahaulike.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda kwenye duka la pinde kutafuta vipete vipya. Muuzaji ni mama mmoja anaitwa Tawnya, ana bata mzinga amechorwa shingoni. Akauliza upinde wangu una mvuto wa ratili ngapi. Nikamwambia sitini. Hakubisha. Akauchukua, akautundika kwenye mzani, akauvuta. Arobaini na moja.

Akasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Babu, kigumba hiki kinakula nguvu. Lazima mshale upige kwa nguvu ndiyo makali yafunguke na bado uingie ndani. Kwa hizi arobaini na moja zako utamzaba kofi tu mnyama wa watu." Akanishauri nitumie kigumba cha chuma kilichotulia, chembamba, kikali. Na nifanye mazoezi kila siku. Mashauri mawili, yote matusi.

Nimewaambia watu wa kibandani sitini kwa miaka kumi. Nikamwomba Tawnya jambo hili libaki kati yetu. Akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Vipete vimekwisha. Sawa. Niliporudi nyumbani nikazikaza skrubu za upinde mwenyewe mpaka zikalia. Nikajaribu kuvuta nimesimama. Wapi! Nikajaribu nimekaa. Wapi! Nikalala chali sakafuni, miguu kwenye upinde, mikono kwenye uzi, nikasukuma kama anayezaa. Ukavutika! Ila sasa sikuweza kuurudisha, maana nikiuachia bila mshale utapasuka usoni pangu. Nikakaa hivyo, miguu juu, dakika kumi au mwaka, mpaka Arlys aliporudi. Akanitazama. Akanivuka. Akaweka maziwa kwenye friji, na mayai, na siagi, kila kitu mahali pake. Ndipo akaja kunisaidia.

Upinde umerudi arobaini na moja.

Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi, kwa kuwa kila mtu ananipigia kelele za mazoezi. Mishale mitatu, vigumba vyeusi vitatu, hatua ishirini, robota la nyasi nyuma ya gereji.

Wa kwanza: umeingia robotani, uzi wa meno ukashikilia, makali hayakufunguka. Wa pili: makali yalifunguka hewani, mshale ukapinda kulia kama mlevi anayetafuta mlango, ukaingia kwenye boga la jirani. Boga lilikuwa na uso uliochongwa. Umempata katikati ya macho! Bahati mbaya hatuwindi maboga. Wa tatu: sijui. Bado tunautafuta.

Basi kimebaki kile cha pete nyeupe. Sikukipiga hata mara moja. Hakilegei. Hakilii. Nimekitikisa sikioni: kimya kama benki siku ya Jumapili. Wazee kumi na mmoja wameshindwa kukifungua kwa vidole! Hicho ndicho chuma. Nimekiweka peke yake kwenye podo, kama kitinda mimba. Huyo anamngoja dume mkubwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Jana kitandani nimewaza kisheria. Reinhold alisema wazi, na imeandikwa kwa makaa juu ya mlango: anayekosa atakatwa MKIA WA SHATI. Je, mtu asiyevaa shati? Kimya. Sheria haina la kusema! Wanasheria wa Milwaukee wanalipwa kwa mawazo madogo kuliko haya.

Kwa hiyo leo nimekwenda mtini bila shati. Ndani nimevaa ile nguo yangu nyekundu ya sufu ya kipande kimoja, inayoanzia shingoni na kuishia kwenye vifundo vya miguu, yenye kidirisha cha nyuma cha vifungo viwili kwa ajili ya yale mambo ya kukaa. Juu yake suruali na koti. Hakuna mkia popote. Arlys akaniuliza kwa nini akili yote hii siitumii kumpata kulungu badala ya kujiandaa kumkosa. Nikamwambia mambo ya sheria ni mazito, arudi kwenye koti lake. Alikuwa analishona.

Nimekaa saa nne. Nimeona kindi mmoja na nusu. Baridi imeingia kwa kile kidirisha. Lakini jua lilipotoka juu ya mto, maji yakawa rangi ya shaba, na kwato zikasikika mbali kwenye majani makavu, nikasahau magoti yote mawili. Siwezi kulieleza jambo hili. Namwonea huruma mtu anayeamka alfajiri akabaki sebuleni.

Huko bondeni Duwayne amempiga jike mmoja kwa mshale mmoja. Ameanguka palepale karibu na kijito. Duwayne ameimba mpaka kibandani. Anaimba vibaya.

Ijumaa, 7 Novemba

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Saa moja asubuhi. Upepo wa kaskazini, mzuri. Nasikia majani, kra, kra, kra. Namwona. Mungu wangu! Pembe zenye ncha kumi, shingo kama pipa, pua chini, ananusa njia ya jike kama mzee anayetafuta miwani. Anakuja moja kwa moja kuelekea mwaloni. Hatua kumi na nane. Anasimama. Ubavu wote huu hapa, mkubwa kama mlango wa ghala.

Nikavuta. Goti likalia, yeye hakusikia, mapenzi yalikuwa yameziba masikio. Sasa, mtu wa kigumba cha inchi moja angelenga nyuma ya bega, angehema, angechagua unywele mmoja. Mimi nina inchi mbili. Nikalenga kulungu.

Nikaachia. Ta! Dume akaruka juu kwa miguu yote minne, akakimbia kuelekea bondeni, mkia mweupe juu. Kisha kimya.

NIMEMPATA! Nikapiga kelele huko juu peke yangu. Nikampigia simu Duwayne, nikamwambia shemeji lete karatasi za chooni na kisu kirefu.

Akaja na bunda zima. Hapa kwetu kila tone la damu linawekewa kipande cha karatasi, ili ukigeuka uone njia aliyopita mnyama. Nikatangulia mimi. Hatua thelathini tu, hili hapa! Tone jekundu juu ya jani. Duwayne akainama, akasema hana hakika. Nikamwambia wewe umezoea majike. Nikachovya kidole, nikalamba. Damu! Damu ya pafu kabisa, nikamwapia, naijua ladha yake.

Akaweka karatasi. Tone la pili. Karatasi. La tatu. Tumetambaa hivyo saa mbili, mimi mbele nalamba, yeye nyuma anapamba msitu kama harusi. Karatasi ya kumi na tisa ikatufikisha chini ya mti wa matunda madogo mekundu. Juu yake ndege, labda mia mbili, wanakula. Na wanafanya lile jambo ndege wanalofanya baada ya kula.

Duwayne akatazama juu. Akatazama jani. Akanitazama mimi mdomoni. Akakaa chini palepale, hakuweza kusimama kwa kicheko, kofia ikamwanguka. Akasema, "Shemeji, nyingine hiyo hapo, mbichi, kabla haijapoa!"

Sikula chakula cha mchana.

Alasiri Duwayne akarudi kwenye mwaloni akautafuta mshale na kuupata, umesimama ardhini hatua nane mbele ya pale alipokuwa dume. Safi. Hauna hata tone. Una nywele tatu nyeupe. Nywele za chini ya tumbo. Duwayne akazipuliza, zikaruka. Akasema, "Hukumpiga, shemeji. Umemnyoa."

Na makali ya kigumba? Yamejikunja. HAYAKUFUNGUKA! Hapo ndipo nilipopata nguvu. Maana kama yangefunguka, hizo inchi mbili zingemfikia. Mimi nilifanya kazi yangu. Aliyekosa ni kigumba. Kesho nitalieleza hili mbele ya mahakama.

Jumamosi, 8 Novemba

Mahakama ni mama mkwe. Hulda Plath, miaka tisini na minne. Msitu ni wake, kibanda ni chake, mkasi ni wake. Duwayne alimleta asubuhi, akamkalisha kwenye kiti cha Reinhold karibu na jiko, akamfunika blanketi. Alipomaliza kahawa yake akasema haya, mleteni mkwe.

Nikasimama. Nikamweleza yote kwa ufasaha. Inchi mbili. Nywele tatu. Makali yaliyogoma. Nikasema, Mama, je, ng'ombe akikataa kutoa maziwa tunamkata shati mkamuaji? Nilijisikia mwenyewe nikasema Milo, umekosa wito wako.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Nikampa kigumba. Akatoa kioo chake cha kukuzia, kile anachosomea tanzia kwenye gazeti kuona nani amemtangulia. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akasema, "Mkwe, hapa kwenye pete pameandikwa nini?"

Nikasema ni urembo.

Akasoma kwa sauti: MAZOEZI TU.

Kumbe kila pakiti ina kimoja cha hivyo! Makali yake yamefungwa kwa ile skrubu yasifunguke milele, ili mtu ajizoeze nacho bila kuviharibu vile vya kweli. Mimi nimejizoeza na vya kweli, nikaenda kuwinda na cha mazoezi. Duwayne alitoka nje. Tulimsikia kule kwenye kuni anapiga magoti yake kwa viganja. Arlys aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika, na sidhani alikuwa analia.

Mama mkwe akasema nimekosa. Mkia wa tatu.

Nikamwambia Mama, samahani, kuna jambo la kisheria. Nikafungua koti, polepole, kifungo kwa kifungo. Hakuna shati! Nikanyoosha kidole juu ya mlango: mkia wa SHATI. Duwayne alikuwa amerudi, mdomo wazi. Nikaona mwaloni wangu unanirudia.

Mama mkwe akachukua mkasi wake. Akasema, "Suruali chini. Geuka."

Nikasema Mama! Mimi ni mkwe wako! Kuna heshima kati yetu!

Akasema alishazaa watoto sita na kuzika mume, hakuna kitu huko nyuma kwangu kitakachomshtua. Geuka.

Nikageuka. Nikasikia mkasi. Kra. Kra. Kisha upepo.

Kidirisha chote, pamoja na vifungo vyake viwili, sasa kimepigiliwa ukutani kati ya drafti nyekundu na bluu. Jina langu. Mwaka. Duwayne alipiga misumari miwili, mmoja ungetosha. Kisha akaenda kuchukua mto wake wa kukalia.

Jumapili, 9 Novemba

Jikoni. Viazi.

Alfajiri niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa buti, nikafika mlangoni. Nikakumbuka. Nikasimama pale. Nikamwona Duwayne anapanda kilima na mto wake kwapani. Nikarudi, nikawasha jiko. Miaka ishirini na minane.

Alirudi saa nne. Hakuimba. Akala supu ya kabichi na soseji, hakuitukana. Mwishowe akasema, akitazama bakuli, "Kumbe huko juu unaona mpaka mtoni." Hakuwahi kupanda. Hata mara moja. Baba yake hakumruhusu, na mimi sikumkaribisha.

Nikaanza kuingiwa na huruma. Nikamtilia chumvi kijiko kizima kwenye bakuli la pili, ikapita.

Baadaye mama mkwe akaniita kwenye kiti chake. Akasema Reinhold hakuweka sheria ili mtu afe jikoni. Kuna njia ya kurudi. Kila Jumamosi mpaka barafu ivunjike mtoni, nije hapa kibandani nipige mishale kumi, kwa hatua ishirini, ndani ya sahani iliyotundikwa kwenye robota. Siku nitakayoingiza yote kumi, dungu la mwaloni ni langu tena na Duwayne anarudi bondeni. Hakuna uzi wa meno, hakuna miavuli. Kigumba cha chuma kilichotulia.

Nikamtazama Duwayne, nikangoja apinge. Hakupinga. Aliingiza mkono kwenye podo lake akanipa kimoja cha vile vyake vitatu, vya baba yake, ambavyo havijawahi kutoka mkononi mwake. Akasema, "Chukua shemeji. Kinoe. Mara moja kwa wiki, mishale kumi tu, hata wewe utaweza." Tukashikana mikono. Arlys alifuta macho, na safari hii naamini alikuwa analia.

Siku nzima nimekuwa nafikiria jambo hili kwa unyenyekevu mkubwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Kigumba cha marehemu Reinhold kinamenya viazi vizuri ajabu. Maganda yanatoka membamba hata unaweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Nimemaliza ndoo nzima kabla ya saa mbili, nikapata nafasi ya kufikiri.

Mishale kumi ndani ya sahani. Hatua ishirini. Kila Jumamosi! Na theluji inakuja, na goti hili. Mtu anaweza kukata tamaa. Lakini nikayarudia maneno ya mama mkwe moja moja, kama anavyofanya mtu aliyezoea mahakama. Alitaja mishale. Alitaja hatua. Alitaja chuma. Alisema ndani ya sahani.

Hakutaja ukubwa wa sahani.

Nimempigia simu mama anayetunza jiko la kanisa. Nimemwambia nina wageni. Wana lile sinia la bati la sikukuu ya shukrani, linalobeba bata mzinga wawili ubavu kwa ubavu, huwa linabebwa na watu wawili na linapita mlangoni kwa upande. Ataniachia Jumamosi asubuhi.

Wataleta ubishi, nawajua. Lakini sinia nalo ni sahani. Muulize mtu yeyote mwenye njaa.